Mtaa Kwanza, Nyumba Baadaye: Somo kwa Familia Zinazotafuta Nyumba ya Kupanga Rochester



Msemo uliotufikia pwani kutoka kwa Waarabu unatuusia tumtazame jirani kabla ya nyumba, na mwenzi kabla ya safari. Wazee walipousema walikuwa na maana ya tabia za watu. Hapa Rochester, katika jimbo la New York, maana yake ni pana zaidi. Jirani ni umri wa nyumba za mtaa mzima, ni kituo cha basi, ni shule, ni zahanati, ni udongo ambao mtoto atauchezea. Nyumba nzuri iliyo mahali pasipofaa huchosha familia, na nyumba ya bei nafuu yaweza kuwa ghali kuliko zote kwa afya ya mtoto.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili, ziwe zimetoka Kongo, Burundi, Rwanda, Tanzania, Kenya au kwingineko, ambazo zinatafuta nyumba ya kupanga kwa mara ya kwanza au zinakusudia kuhama. Lisomwe na mume na mke pamoja, na watoto wakubwa wanaojua Kiingereza washirikishwe. Mwishoni mna maswali ya kujipima.

1. Kwa nini idara ya afya izungumzie habari za nyumba

Wengi hudhani kwamba nyumba ni shauri la mwenye nyumba na mpangaji, na kwamba afya ni shauri la daktari. Lakini magonjwa mengi ya watoto huanzia ukutani, dirishani na sakafuni. Pumu huchochewa na ukungu, panya, mende na vumbi. Kuungua na kuvuta moshi hutokea pale ambapo kengele ya moshi haifanyi kazi au mlango wa kutokea ni mmoja tu. Sumu ya madini ya risasi hutoka katika rangi kuukuu.

Aliyeandika somo hili ameketi mara nyingi kama mkalimani katika vyumba vya zahanati, mama akielezwa matokeo ya damu ya mwanawe. Swali la kwanza huwa ni lile lile: "Tulikosea wapi?" Mtoto anakula vizuri, anacheza, hana homa. Wazazi wamefika salama baada ya miaka mingi ya kambi na safari, na sasa wanaambiwa kwamba kitu kilichomdhuru mtoto kimo ndani ya nyumba waliyoishukuru. Jibu la haki ni kwamba hawakukosea, hawakuambiwa mapema. Somo hili ni jaribio la kuwaambia wengine mapema.

2. Risasi katika nyumba kuukuu

Rochester ni jiji la wakazi wapatao 211,000 kwa sensa ya mwaka 2020, lililoko kando ya mto Genesee, karibu na Ziwa Ontario. Ni jiji la zamani la viwanda, na nyumba zake nyingi zilijengwa kabla ya mwaka 1978, mwaka ambao Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi katika nyumba za kuishi. Kwa hiyo nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka huo ichukuliwe kuwa huenda ina rangi hiyo chini ya rangi mpya, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Rangi ya zamani iliyo nzima na iliyofunikwa vizuri haina hatari kubwa. Hatari huanza inapobanduka, kupasuka au kusuguliwa. Mahali pa kwanza pa kutazama ni dirisha. Madirisha ya zamani hapa hupandishwa na kushushwa ndani ya fremu ya mbao. Kila yanapofunguliwa mbao husuguana, rangi husagika, na vumbi laini huangukia kwenye kizingiti. Mtoto mdogo husimama hapo hapo kutazama magari au theluji, huweka mikono kizingitini, kisha huitia mdomoni. Mahali pa pili ni baraza la mbele la mbao na ngazi zake. Mahali pa tatu ni udongo ulio chini ya kuta za nje, ambako rangi imekuwa ikidondoka kwa miongo mingi.

Kiasi kidogo sana cha vumbi chatosha kumdhuru mtoto wa chini ya miaka 6. Risasi huathiri ubongo unaokua: uwezo wa kujifunza, kusikia, kutulia na kudhibiti hasira. Mara nyingi haina dalili yoyote ya nje. Hujulikana kwa kupima damu tu. Ikizidi sana huua. Mwaka 2000, katika mji wa Manchester, jimbo la New Hampshire, mtoto wa kike wa miaka 2 kutoka familia ya wakimbizi wa Sudan alifariki kwa sumu ya risasi wiki chache tu baada ya kuwasili Marekani. Familia yake ilikuwa imepewa makazi katika nyumba ya zamani yenye rangi inayobanduka. Tangu hapo wataalamu wameona mara kwa mara kwamba baadhi ya watoto wakimbizi waliopimwa salama walipofika walionekana na risasi baada ya miezi michache ya kukaa katika nyumba zao mpya. Ndiyo maana mtoto mkimbizi hupimwa anapofika, na walio wadogo hupimwa tena miezi 3 hadi 6 baadaye, hata kama kipimo cha kwanza kilikuwa kizuri.

3. Hatua ya kwanza: familia ijijue kabla ya kutafuta

Kabla ya kupiga simu hata moja, familia ikae na kuandika mahitaji yake. Anayeanza na nyumba badala ya mahitaji huvutwa na jiko jipya au zulia zuri, akasahau kwamba baba anaingia kazini saa kumi na moja alfajiri.

Andikeni idadi ya watu na umri wao. Andikeni ni nani ana mtoto wa chini ya miaka 6 au mimba, kwa kuwa hao ndio wanaodhuriwa zaidi na risasi. Andikeni ni nani ana pumu, ni nani hawezi kupanda ngazi, ni nani hana gari. Andikeni mahali na saa za kazi ya kila mtu mzima. Kisha andikeni yale ambayo hamwezi kuyaacha na yale ambayo mngeyapenda lakini mwaweza kuyakosa. Kuwa karibu na msikiti au kanisa, karibu na ndugu, au karibu na duka la vyakula vyetu ni mambo mazuri. Familia iamue yenyewe yamo katika fungu lipi.

Kuhusu kuishi karibu na watu wa nyumbani, kuna faida na kuna mipaka. Mama aliyejifungua hupata wa kumsaidia, mzee hupata wa kuzungumza naye, na habari za kazi hufika upesi. Lakini wageni mara nyingi huelekezana katika nyumba zile zile za bei nafuu, za mwenye nyumba yule yule, na ubovu ule ule ukarithiwa na familia moja baada ya nyingine. Sikilizeni ushauri wa waliotangulia, kisha kaguzeni kana kwamba hamkuambiwa kitu.

Jambo la shule lihitaji uangalifu wake. Hapa shule hufuata anwani. Jiji la Rochester lina wilaya yake ya shule, na vitongoji kama Brighton, Greece, Irondequoit na Henrietta vina wilaya nyingine. Kuvuka barabara moja kwaweza kumhamisha mtoto wilaya. Kabla ya kukubali nyumba, pigeni simu katika wilaya ya shule, tajeni anwani kamili, na ulizeni: watoto watasoma wapi, je, watapata basi la shule, na je, shule ina walimu wa kuwasaidia wanaojifunza Kiingereza. Msiridhike na kauli ya mwenye nyumba peke yake.

4. Hatua ya pili: tembeleeni mtaa mara tatu

Mtaa mmoja una sura tatu. Nendeni siku ya kazi asubuhi, nendeni usiku baada ya saa tatu, na nendeni siku ya Jumamosi au Jumapili alasiri. Kila mara tembeeni kwa miguu, msipite kwa gari tu.

Asubuhi, tazameni watoto wanapita njia gani kwenda shuleni na barabara wanazovuka. Tembeeni kutoka mlangoni hadi kituo cha basi mkihesabu dakika, kisha jiulizeni safari hiyo itakuwaje mwezi Januari, theluji ikifika magotini na mtoto yuko mgongoni. Mabasi ya RTS yalipangwa upya mwezi Mei mwaka 2021. Njia nyingine hupita kila dakika 15 mchana wa siku za kazi, nyingine kila dakika 30 au zaidi, na usiku hupungua. Kituo kilicho mbele ya nyumba hakimsaidii anayetoka kazini saa saba usiku ikiwa basi la mwisho limekwisha pita. Linganisheni ratiba na saa zenu za kazi. Sehemu nyingi za vitongoji zina mabasi machache au hazina kabisa.

Usiku, tazameni kama taa za barabarani zinawaka, kama kuna kelele zinazozuia usingizi, na kama nyinyi wenyewe mngejisikia salama kuteremka basi hapo. Mwishoni mwa juma, tazameni kama watoto wanacheza nje, kama kuna bustani ya umma au maktaba ya kufikika kwa miguu. Soko la umma la jiji, lililoko mtaa wa North Union, hufunguliwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi mwaka mzima. Familia inayopika kila siku itafaidika ikiwa inalifikia kwa basi moja.

Tazameni pia nyumba za jirani. Madirisha yaliyozibwa kwa mbao, takataka zilizolundikana na nyumba zilizoachwa tupu huleta panya na hatari ya moto, hata kama nyumba yenu wenyewe ni safi. Msalimuni jirani aliye barazani na mwulize: umeishi hapa muda gani? Wakati wa baridi mambo huwaje? Mwenye nyumba huyu akiitwa huja? Kuuliza si ujinga, na Wamarekani wengi hufurahi kuulizwa. Msiuhukumu mtaa kwa uvumi, wala kwa rangi ya watu wake. Na wakala akisema, "Watu wa dini yenu hawatapenda kule," au "Wenzenu wote wako upande ule," jueni kwamba kuwaelekeza watu mtaa fulani kwa sababu ya rangi, dini au asili yao kumekatazwa na sheria ya makazi ya mwaka 1968.

5. Hatua ya tatu: kaguzeni nyumba kwa macho, pua na mikono

Msikubali kamwe kulipa fedha kwa nyumba ambayo hamjaingia ndani yake. Tangazo lenye picha nzuri, bei ya chini na mtu anayedai yuko safarini na anaomba fedha zitumwe kwanza ni utapeli.

Mkiingia, anzeni na madirisha. Fungueni kila moja. Je, linafunguka na kukaa? Je, rangi imepasuka au kuna vumbi na vipande kizingitini? Kisha milango, hasa ile inayosuguana na fremu. Kisha baraza na ngazi. Kisha udongo unaozunguka kuta: je, una vipande vya rangi, na je, uko wazi bila majani?

Nusa hewa ya chumba cha chini ya ardhi na bafu. Harufu ya unyevu ni habari ya ukungu hata kama ukuta umepakwa rangi jana. Fungua makabati ya jikoni na utazame kinyesi cha panya na mende, na chunguza mishono ya magodoro yoyote yaliyoachwa kwa kunguni. Fungua bomba la maji ya moto. Uliza tanuri la kupasha joto nyumba liko wapi na lilikaguliwa lini. Katika msimu wa baridi nyumba lazima iweze kufikia nyuzi 68 za Fahrenheit, yaani nyuzi 20 za Selsiasi. Bonyeza kengele ya moshi usikie mlio wake, na ulize kengele ya gesi ya kaboni monoksidi iko wapi. Katika jimbo la New York zote mbili ni lazima.

Familia kubwa mara nyingi hushawishiwa kulaza vijana katika chumba cha chini ya ardhi au cha darini. Chumba cha kulala lazima kiwe na njia ya pili ya kutokea, kama vile dirisha ambalo mtu mzima aweza kupita. Chumba kisicho na njia hiyo kisihesabiwe kuwa chumba cha kulala, hata mwenye nyumba akikihesabu.

Ulizeni pia bomba la kuleta maji kutoka barabarani ni la madini gani. Baadhi ya nyumba za zamani zina mabomba ya risasi. Kuchemsha maji hakuondoi risasi. Tumieni maji ya baridi tu kwa kunywa na kupikia, yaacheni yatiririke kwanza ikiwa yamelala bombani usiku kucha, au wekeni kichujio kilichothibitishwa kuondoa risasi.

6. Cheti na haki ya kujua

Mwezi Desemba mwaka 2005 baraza la jiji la Rochester lilipitisha sheria ya kuzuia sumu ya risasi, iliyoanza kutumika Julai mwaka 2006. Badala ya kusubiri mtoto adhurike ndipo nyumba ikaguliwe, sheria hii hukagua rangi ya nyumba za kupangisha kama sehemu ya cheti cha ukaaji, na katika maeneo yenye hatari kubwa vumbi la ndani hupimwa pia. Kwa hiyo ulizeni mapema: je, nyumba hii ina cheti cha ukaaji ambacho hakijaisha muda? Kumbukumbu hizo huwekwa na jiji, na mtu yeyote aweza kuziulizia kwa anwani. Ndani ya jiji simu ni 311. Tajeni neno "Swahili" na ombeni mkalimani.

Jueni lakini kwamba cheti hueleza hali ya siku ya ukaguzi. Rangi iliyokuwa nzima wakati huo yaweza kuwa inabanduka leo. Cheti hakiondoi haja ya macho yenu wenyewe. Tena, sheria hii ni ya jiji. Nyumba iliyoko kitongojini haimo ndani yake, na huko mjitahidi zaidi kukagua.

Sheria ya nchi nzima nayo inamtaka mwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 awaambie wapangaji, kabla hawajatia saini, kila anachokijua kuhusu risasi katika nyumba hiyo, na awape kijitabu cha maelezo. Mkipewa karatasi hiyo kusaini, msiisaini upesi upesi kama vile ni karatasi ya kawaida. Ombeni isomwe na kufasiriwa.

Mwenye nyumba hana ruhusa ya kuwakataa kwa sababu mna watoto, wala kusema, "Nyumba hii ina risasi, kwa hiyo sichukui familia." Wajibu wake ni kuirekebisha nyumba.

7. Hesabu ya gharama kamili

Tuchukue mfano. Familia ina kipato cha dola 4,600 kwa mwezi kabla ya kodi. Kipimo kinachotumiwa sana hapa ni kwamba nyumba pamoja na joto, umeme na maji visizidi asilimia 30 ya kipato, yaani dola 1,380.

Nyumba ya kwanza ina pango la dola 1,100. Mpangaji hulipa gesi ya kupasha joto, na muhtasari wa bili unaonyesha dola 2,640 kwa mwaka, sawa na 220 kwa mwezi. Umeme ni 70. Jumla ni 1,390. Basi la usiku halipo, kwa hiyo baba atapanda teksi mara 8 kwa mwezi kwa dola 12, yaani 96. Jumla halisi ni dola 1,486.

Nyumba ya pili ina pango la dola 1,300, joto likiwa ndani ya pango, na umeme ni 70. Kazini hufikika kwa basi wakati wote. Jumla ni dola 1,370.

Nyumba iliyoonekana kuwa nafuu kwa dola 200 imekuwa ghali kwa dola 116 kila mwezi. Na bado hatujahesabu siku za kukosa kazi kwa ajili ya mtoto mwenye pumu katika nyumba yenye upepo unaopenya.

Bili hizo mwazipataje? Sheria ya jimbo la New York inampa anayetarajia kupanga haki ya kuomba kwa maandishi muhtasari wa gharama za kupasha joto za miaka 2 iliyopita. Andikeni ombi fupi na mwekee nakala. Ulizeni vilevile ni nani anayezoa theluji mlangoni, ni nani analipia maji, na ni nani anayeondoa wadudu. Familia yenye kipato kidogo yaweza kuomba msaada wa gharama za joto unaoitwa HEAP.

8. Kabla ya kutia saini

Katika jimbo la New York, tangu mwaka 2019, ada ya maombi na uchunguzi wa historia ya mpangaji haizidi dola 20, na amana haizidi pango la mwezi mmoja. Anayewadai amana ya miezi mitatu kwa kuwa nyinyi ni wageni anavunja sheria. Mkilipa kwa fedha taslimu, dai risiti siku hiyo hiyo.

Kama nyumba inawafaa lakini ina kasoro, kwa mfano rangi inayobanduka dirishani, ombeni irekebishwe kabla ya kuhamia, na ahadi iandikwe ndani ya mkataba pamoja na tarehe. Ahadi ya mdomo ni nzuri kati ya watu wanaojuana. Mahakamani hapa ni dhaifu. Ukwanguaji wa rangi ya zamani usifanywe na baba wa familia kwa jioni moja akitaka kusaidia: kukwangua na kupiga msasa kukavu hueneza sumu nyumba nzima. Ni kazi ya mtu aliyefunzwa, na watoto na mjamzito wasiwepo.

Baada ya kutia saini na kabla ya kuhamia, mna haki ya kuikagua nyumba na mwenyewe na kuandika hali yake. Pigeni picha kila chumba. Picha hizo ndizo zitakazoilinda amana yenu siku ya kuhama, ambapo mwenye nyumba ana siku 14 za kuirudisha au kueleza kwa maandishi alichokikata.

9. Kwa wale waliokwisha hamia

Msomaji aweza kuona, katika maelezo haya, nyumba anayoishi sasa. Asikate tamaa. Yafuatayo yafanyike kuanzia leo.

Mpelekeni mtoto apimwe damu. Katika jimbo hili kila mtoto hupimwa anapofika mwaka 1 na tena miaka 2, na mkubwa zaidi hupimwa ikiwa kuna hatari. Kipimo kikifika mikrogramu 5 kwa desilita moja au zaidi, idara ya afya ya kaunti huchunguza nyumba ili kutafuta chanzo. Mkaguzi huyo hakuja kumchukua mtoto wala kuuliza habari za uhamiaji. Amekuja kutafuta sumu. Mfungulieni.

Futeni vizingiti na sakafu kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Msifagie vumbi kavu, kwani hupanda hewani. Vitanda na vitu vya kuchezea viwe mbali na dirisha bovu. Desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni ni kinga kubwa hapa. Itunzeni, na wageni wote waifuate. Watoto wanawe mikono kabla ya kula na kabla ya kulala. Chakula chenye madini ya chuma na kalisi, kama maharage, dagaa, maziwa na mboga za majani, husaidia mwili kuipokea risasi kwa uchache. Lakini mchicha na sukuma wiki msizipande kandokando ya ukuta wa nyumba. Tumieni sanduku lililojazwa udongo mpya. Mwambieni daktari pia kama mnatumia wanja wa asili, viungo vilivyoletwa kutoka ng'ambo au sufuria za kusubu, kwani baadhi yake huwa na risasi.

Baridi ikizidi, msiwashe jiko la mkaa ndani wala kuacha mlango wa tanuri la kuokea wazi ili kupata joto. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Mwarifuni mwenye nyumba kasoro kwa maandishi, na mbakie na nakala. Asipotenda, pigeni 311 kuomba mkaguzi. Wengi huogopa kwamba wakilalamika watafukuzwa. Sheria ya jimbo inamkataza mwenye nyumba kulipiza kisasi kwa mpangaji aliyelalamika kwa nia njema kuhusu afya na usalama, na inamlazimu kila mwenye nyumba kuitunza nyumba iwe ya kukaliwa na binadamu. Kwa dharura ya moto, gesi au uhai, simu ni 911. Hospitalini na katika ofisi za afya mkalimani ni haki yenu bila malipo. Msimtwike mtoto kazi hiyo.

10. Maswali ya kujipima

Jibuni haya pamoja nyumbani. Mkishindwa kujibu matatu au zaidi, msitie saini bado.

1. Nyumba hii ilijengwa mwaka gani, na tumemwuliza nani?
2. Je, cheti chake cha ukaaji bado kina muda?
3. Tumefungua madirisha mangapi, na tuliona nini kizingitini?
4. Tumetembelea mtaa saa ngapi, na mara ngapi?
5. Basi la mwisho hupita saa ngapi, nasi hutoka kazini saa ngapi?
6. Watoto watasoma shule gani kwa anwani hii?
7. Gharama kamili ya mwezi, joto likiwemo, ni kiasi gani?
8. Je, kila chumba cha kulala kina njia mbili za kutokea?
9. Kila ahadi tuliyopewa imeandikwa wapi?
10. Mtoto wetu mdogo alipimwa risasi lini mara ya mwisho?

Swali la kumi lina jibu hata kwa familia isiyohama. Kama hamlijui jibu lake, pigeni simu zahanati kesho asubuhi.